Nani Alikuwa Mlangoni

Dwight Skaggs aliachiwa Jumatatu saa nne asubuhi. Alitoka kituo cha sherifu wa Harkey, mji mdogo wa kusini mwa Marekani, akichekelea kama mtu atokaye harusini, na alikuwa na haki ya kucheka. Jumapili, wakati mtu fulani akiubomoa uso wa Vernell Tubbs ukutani kwa nyundo na tindo, Skaggs alikuwa amelala kwenye sakafu ya mahabusu ya kaunti jirani kwa kosa la ulevi. Askari watatu walimwona pale na kamera mbili zilimpiga picha akikoroma. Kwa mara ya kwanza maishani mwake jela ilimfaa.

"Sasa, mama mpelelezi," alisema akisimama mlangoni, "unaniomba radhi kwa mdomo, au utaniandikia barua?"

"Panda pikapu yako uondoke, Dwight."

"Ile yenye bendera?"

"Hiyo hiyo. Bila hiyo nisingekukumbuka."

Renetta Spruill alimtazama akiondoka na moshi wake, bendera ya waliopigania utumwa ikipepea nyuma, na moyo wake ukamwuma. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ishirini na miwili kati ya hiyo kwenye upelelezi, na hakuwahi kutamani mtu awe na hatia kama alivyomtamani Skaggs. Mzungu huyu aliishi kwa kubandika vigae vya bafuni, kwa hiyo tindo anazo. Gazeti la mji alikuwa ameliandikia mara tatu kuwa ukuta ule wa nyuso za wapigania haki ni upuuzi wa watu wasiojua kusahau. Angekuwa yeye, mji mzima ungesema "tulijua tu" na kurudi kulala. Sasa hakuwa yeye.

Alimchukua mwenzake Hatcher, wakaenda tena Mtaa wa Simmons.

Ukuta ulikuwa ubavu wa kiwanda cha zamani cha barafu, ng'ambo ya barabara kutoka kanisa la Kibaptisti la mtaa huo. Turubai la buluu liliufunika wote, kwa sababu uzinduzi ungekuwa Jumamosi ijayo. Hatcher alilinyanyua wakaingia chini yake. Nyuso arobaini za vigae vya rangi, safu nne, kumi kumi. Hapakuwa na mtu mashuhuri hata mmoja. Kulikuwa na kinyozi, dereva wa gari la maziwa, mwashi, wapishi watano, mama aliyeoka keki kuwalipia watu mafuta ya gari wakati weusi walipogoma kupanda mabasi. Ni watu weusi wa miaka ya sitini walioandamana Ijumaa wakapigwa, na Jumatatu wakaripoti kazini na nundu zao, ili wajukuu zao waweze kupiga kura na kula wanapotaka.

Safu ya juu, wa pili kutoka kushoto, palikuwa na shimo la saruji.

"Hebu niambie, Hatcher," Renetta alisema. "Wewe unawachukia hawa wote arobaini. Una nyundo. Unaanza na nani?"

"Aliye karibu na mkono wangu."

"Huyu bwana amepanda jukwaa la mafundi. Amezipita safu tatu. Amewaacha thelathini na tisa hawana hata mkwaruzo."

"Basi anamchukia Bibi Tubbs."

"Angalia vizuri. Uso ameupiga mara nne tano, umebanduka wenyewe. Lakini maneno ya chini yake ameyachimba. Moja baada ya jingine. Amekaa hapa, ametulia, anang'oa herufi."

Hatcher alifungua karatasi ya mchoro aliyopewa na msanii. Akasoma: "'Vernell Tubbs, bawabu wa kanisa. Juni 1964. Aliufungua mlango.' Basi. Kuna ubaya gani hapo?"

"Mlango ukifunguliwa, maana yake kuna mtu aliufunga," Renetta alisema. "Na katika miezi minane ya vikao vya kamati ya ukuta huu hakuna aliyeuliza ni nani. Hata mimi."

Saa zilikuwa zinajulikana. Msanii alipiga picha za mwisho Jumapili saa nne na dakika arobaini, akateremsha turubai, akaenda kula. Aliporudi saa saba akakuta vipande chini. Katikati ya hapo mtaa ulikuwa mtupu kwa sababu ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya Meza ya Bwana, na kila mtu mweusi wa Harkey mwenye miguu alikuwa ndani ya kanisa lile amevaa nyeupe. Mashahidi mia mbili na hamsini, kila mmoja akimtetea mwenzake. Ndiyo sababu hakuna aliyewafikiria. Renetta mwenyewe hakutaka kuwafikiria. Alibatizwa mle ndani.

Kamera ya duka la dawa la pembeni ilikuwa imeona gari moja tu likiingia Mtaa wa Simmons kwa muda wote huo, saa tano na nusu. Lilikuwa la Claudine Hurt, muuguzi.

Walimkuta jikoni kwake akikaanga kambare, na aliwapokea kwa mwiko mkononi.

"Heee! Hata polisi wameshasikia!" alisema. "Kwa hiyo sasa ni kosa la jinai? Mnanifunga miaka mingapi?"

"Dada Claudine, tumekuja kwa ajili ya ukuta."

"Ukuta?" Alishusha mwiko. "Mimi nilidhani mmekuja kwa ajili ya ile aibu yangu. Tangu jana sina jina jingine mjini, ni 'yule aliyeingia wakati wa sala.' Wamenisimamisha kwaya, Renetta! Miaka kumi na tisa naimba sauti ya pili, leo wananiambia nipumzike nitafakari. Nitafakari nini? Nilikuwa natoka zamu!"

"Hebu nieleze."

"Nieleze mara ngapi? Nimeegesha gari, nimepanda ngazi, nimeingia barazani. Nimelelewa kanisani mimi, najua milango ikiwa imefungwa kuna sala, mtu unasubiri bawabu akunyooshee mkono. Nikasimama. Nikasubiri. Hakuna mtu. Nikajiambia, aah, basi sala imekwisha, bawabu ameingia ndani. Nikasukuma mlango." Alifumba macho kwa uchungu. "Watu wote vichwa chini! Shemasi Odom yuko katikati ya ile sala yake ndefu, ndiyo kwanza amefika kwa wagonjwa, hata wasafiri hajawagusa. Na mimi na viatu vyangu, ko, ko, ko. Mama Ozella akafumbua jicho moja. Moja tu! Lilinitosha."

Hatcher alicheka. Renetta hakucheka.

"Barazani hapakuwa na mtu?"

"Hata nzi."

"Ulisubiri muda gani?"

"Dakika tano. Zaidi. Nikajirekebisha na kofia kabisa."

"Ulisikia chochote huko nje? Ng'ambo ya barabara?"

"Ningesikia nini, watu wanaitikia sala kwa kupiga miguu sakafuni? Hata treni ingepita usingeisikia." Kisha akakunja uso. "Kwani vipi?"

"Usiunguze samaki, Dada. Na kwaya utarudi."

Kwenye gari Hatcher alisubiri mpaka akachoka. "Sawa, nimeshindwa. Kwetu Wamethodisti mtu anaingia saa yoyote. Mwanamke kachelewa kanisani, kuna nini?"

"Mimi nilikuwa bawabu nina miaka tisa," Renetta alisema. "Glovu nyeupe, mkono wa kushoto mgongoni, macho mbele. Unajua walitufundisha nini? Sala ikianza, unatoka, unafunga milango, unasimama barazani, na hakuna kiumbe anayepita. Gavana akija atangoja. Ukibanwa na mkojo, vumilia. Huondoki mpaka mwenzako aje ashike nafasi yako. Bawabu wa kanisa lile anaweza kuanguka akazimia, lakini ataangukia mlangoni. Hakuna bawabu anayemwacha mtu aingie wakati wa sala, Hatcher. Hayupo."

"Labda alikwenda msalani."

"Sala ya Odom ni dakika ishirini na tano, utotoni tulikuwa tukiipima kwa saa. Wimbo unaoifuata ni dakika kumi. Wote waliomo ndani wamefumba macho na wanapiga miguu. Ukitaka watu mia mbili na hamsini waape ulikuwa mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyekuona, chagua saa hiyo."

"Na mlango wa mbele Jumapili ya kwanza ni wa nani?"

Renetta aliwasha gari. Alijua jibu tangu Claudine alipotaja kofia yake, na lilikuwa limemkaa mdomoni kama dawa ya mwarobaini.

"Miaka thelathini ni mtu mmoja. Shemasi Alphonso Rudd. Mwenyekiti wa kamati ya ukuta. Ndiye aliyetupigia simu jana analia."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliojua, na nguo yenyewe ilikuwa kanisani, kwenye tenga la Mama Ozella Pinkney, mkuu wa mabawabu. Bibi huyo alikusanya glovu zote kila baada ya ibada na kuziloweka kila Jumanne. Hakumwamini mwanaume yeyote kufua cheupe. Kila jozi ilishonwa jina. Glovu za Rudd zilikuwa katikati ya tenga, zimegeuzwa ndani nje. Renetta alizigeuza. Ndani ya vidole zilikuwa safi. Nje, kiganja cha kulia kilikuwa kimechanika, na kwenye mishono kulikuwa na unga wa kijivu na chembe ndogo ya kigae cha kahawia.

"Hilo si vumbi la vitabu vya nyimbo," Mama Ozella alisema. Alitazama glovu, akatazama ng'ambo ya barabara, kisha akaketi kwenye benchi. Alizileta mwenyewe mpaka kwenye mfuko wa ushahidi, amezishika kwa ncha za vidole kama mtu anayetoa panya mfu.

Kwa nini hakuzitupa? Hatcher aliuliza hilo njiani. Renetta alimwambia kwamba jozi ikikosekana Mama Ozella angesimama mbele ya kanisa zima kuitaja. Rudd aliogopa hilo kuliko polisi.

Nyumba ya wazee ilinuka dawa ya sakafu na supu ya kopo. Vernell Tubbs alikuwa na miaka themanini na sita, mwembamba, akili ikiwaka. Daktari alikuwa amempa wiki chache. Mlangoni pa kabati palining'inia gauni jeupe lililokwisha kupigwa pasi, la Jumamosi.

"Umekuja kuniambia nisivae," alisema.

"Nimekuja kukuuliza, Bibi Vernell. Msanii anasema akianza leo, na akipata ruhusa ya kamati, anaweza kumaliza Jumamosi asubuhi. Lakini kamati inasema pengo liachwe kwanza."

"Kamati ni Alphonso."

"Ndiyo. Siku ile, Bibi. Nani aliufunga mlango?"

Bibi alitazama gauni lake. "Watoto walikuwa wanatoka kuandamana mahakamani. Polisi wakawafuata na virungu na mbwa. Wakakimbilia kanisani, watakimbilia wapi tena? Mimi nilikuwa zamu barazani. Mchungaji akaja mwenyewe, akazungusha funguo, akaniambia, 'Vernell, jengo hili lina deni benki. Tukiwaingiza watalichoma.' Akaingia ndani. Mimi nikabaki nawasikia wanagonga. Kwa chini, unaelewa? Wanagonga kwa chini, maana ni wafupi. Nilikuwa na funguo ya mabawabu. Nikafungua."

"Wangapi?"

"Kumi na saba. Mbwa alinipata mguu huu, lakini mlango niliufunga nyuma yao." Alisugua goti. "Jumapili iliyofuata Mchungaji Rudd akaniita mbele, akanitoa beji ya bawabu kifuani, watu wanatazama. Alisema bawabu asiyetii si bawabu. Sijarudi mle."

"Na hukumwambia mtu kwa miaka sitini?"

"Alikuwa mchungaji wao. Walimhitaji. Msanii aliniuliza nilifanya nini, nikamwambia nilifungua mlango. Sikusema zaidi. Yapo mengine, mwanangu, hayo nitakwenda nayo." Akamshika Renetta mkono, vidole baridi. "Ila ningependa kuiona sura yangu pale. Mara moja tu. Ni kiburi, najua. Mungu atanisamehe hicho."

Renetta alitoka nje akasimama kwenye maegesho, akatema mate chini. Hakuwa mtu wa kutema mate.

Alphonso Rudd alikuja kituoni saa kumi jioni kwa hiari yake, suti ya bluu iliyokoza, tai, kitambaa mfukoni. Alikuwa na miaka sitini na tisa na sauti ya kuhubiri. Alimwamkia Hatcher kwa jina la babake.

"Mmempata?" aliuliza akiketi.

"Tumempata. Shemasi, Jumapili wakati wa sala ulikuwa wapi?"

"Nafasi yangu. Mlangoni. Muulize yeyote."

"Nimemuuliza Claudine Hurt."

"Claudine!" Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Msichana hana adabu ya nyumba ya Bwana. Nilimzuia, akanipita."

"Alikupita. Wewe, mwenye kilo mia moja."

"Alinisukuma."

"Ungemshtaki kwenye kikao jioni ile ile. Uliketi kwenye kikao kilichomsimamisha kwaya, nimesoma maandishi yake. Hukusema neno kuwa alikusukuma. Hukusema hata kuwa ulimwona." Renetta aliweka mfuko mezani. Glovu zikaonekana, na jina lililoshonwa kwa uzi wa buluu. "Mkono wa kulia umechanika. Hicho ni kigae. Rangi ya shavu la Vernell Tubbs, msanii ameitambua."

Rudd alizitazama glovu.

"Na hii uliituma Jumapili saa tisa," Renetta aliendelea, akiweka karatasi ya pili. "Saa mbili tu baada ya vipande kuokotwa. Bado unalia kwenye simu na sisi, huku unamwandikia msanii kuwa kwa bahati njema familia ina picha ya kuziba pengo. Nikusomee? 'Mchungaji Ezra Rudd. Juni 1964. Aliufungua mlango.' Hukutosheka kuubomoa uso wake. Ukachukua na maneno."

"Babangu alijenga kanisa lile! Tofali kwa tofali!" Ngumi yake ilitua mezani. "Miaka arobaini amezika watu wa mji huu, amewaoza, amewatoa jela. Mtu mmoja, siku moja, kosa moja, na Jumamosi watu wote wasimame pale wasome na kuulizana nani alifunga? Wewe ungekubali? Babako?"

"Watoto kumi na saba walikuwa nje."

"Aliogopa! Mtu haruhusiwi kuogopa?"

"Anaruhusiwa. Huruhusiwi kumpa ushujaa wa mwanamke aliyeng'atwa na mbwa." Renetta aliinama juu ya meza. "Nimewakamata wezi wa magari ya wagonjwa, Shemasi. Nimewakamata watu waliowaibia mama zao. Hakuna aliyenitia kinyaa kama wewe. Ulijuaje kuwa Bibi Vernell hatasema? Angeweza kusimama Jumamosi, gauni jeupe, akamwambia kila mtu. Ulikuwa na uhakika gani?"

"Hatasema."

"Kwa nini?"

"Nilijua tu. Hatasema." Alikuwa akizikodolea macho glovu. Sauti ya mahubiri ilikuwa imemtoka, iliyobaki ilikuwa nyembamba. "Hajawahi kusema. Aliniahidi."

Hatcher aliinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake. Renetta hakusogea.

"Alikuahidi wewe? Ulikuwa na miaka mingapi?"

Rudd aliusukuma mfuko wa glovu kando.

"Mwaka 1964 ulikuwa na miaka tisa. Ahadi gani mwanamke mzima anampa mtoto wa miaka tisa?"

Yule mzee alitoa kitambaa mfukoni, akakikunja, akakirudisha.

"Mama alinikataza kwenda kuandamana," alisema. "Nilitoroka. Wenzangu wote walikwenda."

Renetta alielewa, na kwa sekunde moja hasira yake ilikosa pa kusimama. Ikarudi nzito zaidi. Mtu huyu alikuwa amepanda jukwaa lile, akaangaliana ana kwa ana na uso wa mwanamke yule kwa umbali wa mkono mmoja, akijua, na akainua nyundo.

"Kwa hiyo ulimchagua yeye kwa sababu ni mtu pekee duniani asiyeweza kukutaja," alisema. "Alitunza siri yako miaka sitini, na wewe ukaitumia kama ngazi."

"Mwacheni asisumbuliwe. Mgonjwa. Nitalipa vigae, nitajiuzulu, nitasema ni ugonjwa. Asiulizwe."

"Hataulizwa. Yeye ameahidi. Wewe hukuahidi mtu." Renetta alisogeza kinasa sauti katikati ya meza, akakiwasha, akamwambia Hatcher ampigie msanii aanze kazi sasa hivi, ruhusa ya mwenyekiti ipo. Kisha akamtazama Rudd. "Jina lako, umri wako wakati ule, ulikuwa upande gani wa mlango. Anza."

Rudd alisogea karibu na kinasa sauti.

"Naitwa Alphonso Ezra Rudd," mzee alisema. "Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nje. Nilikuwa wa kwanza kufika mlangoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyegonga." Akaitazama mikono yake. "Nilimwita. Nilisema, 'Baba, ni mimi.' Halafu nikasikia funguo inazunguka, nikafurahi, nikadhani anafungua."